Matope Yaache Yakauke

Waliosema udongo uwahi ungali maji
walikuwa wafinyanzi.
Mimi nafua raba mtaa wa Oli, hapa Arua,
na nakwambia, Adrapi, weka chini hicho kitambaa:
matope yaache yakauke.
Ukiyafuta mabichi unayapaka,
yanahamia ndani ya uzi,
yanaoa humo, yanazaa.
Kesho gonganisha soli kwa soli,
pa, pa, upepo uwe mgongoni mwako,
na robo ya kazi imekwisha bila tone la maji.

Udongo wetu huu mwekundu una ukaidi.
Naujua kwa rangi: huu wa barabara ya Ediofe,
huu wenye changarawe umetoka Vurra, kule mpakani,
huu wa kijivu si wetu kabisa,
mwenye viatu amelala Pakwach.
Mke wa fundi redio aliwahi kuniuliza
mumewe alikanyaga wapi Jumamosi.
Nikamwambia, mama, mimi nafua, sisomi.

Haya. Za turubai hazina makuu:
sabuni ya kipande, mswaki uliostaafu,
maji ya uvuguvugu, siyo ya chai.
Zikiwa nyeupe, ukishazisuuza zivike karatasi ya chooni
kama maiti,
hapana, kama bibi harusi,
uziache kivulini. Karatasi itakunywa manjano yote
na raba itatoka hivi. Angalia.

Za wavu, hizi za wakimbiaji, usizisugue kwa hasira.
Vumbi limepanga katika vile vitundu
na halijawahi kulipa kodi.
Povu tu, vidole tu,
kisha zijaze gazeti, zisije zikabonyea
kama mashavu ya mtu aliyeng'olewa magego.

Ngozi haiogi. Ngozi hunawa.
Kitambaa kilichokamuliwa, mafuta kidogo,
na isilione jua; jua huipasua
kama midomo yetu mwezi wa Januari.

Sasa hii.
Usiiguse kwanza.
Manyoya yake mafupi kama ya ndama,
wenyewe wanaiita swedi.
Mwaka wangu wa kwanza Mwalimu Drateru alileta jozi kama hii,
rangi ya majivu, dadake alimnunulia Kampala
avae kwenye harusi ya mwanawe.
Nikazitumbukiza kwenye beseni, sabuni ya unga vijiko vinne,
nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.
Asubuhi nikazianika juani.
Jioni zilikuwa samaki wa kukausha.
Ukizikunja zinalia.
Mwalimu hakunifokea. Alizigonga ukutani mara moja,
akausikiliza ule mlio,
akasema, "Onzima, hizi sasa ni mlango."
Nililipa miezi mitano, elfu nane nane,
na harusini alikwenda na ndala.

Kwa hiyo hii: brashi kavu, upande mmoja tu,
kama unamchana mtoto anayesinzia.
Penye doa, kifutio cha penseli.
Na ukiona maji yanakuja, hata kama ni ya mbinguni,
ikimbize.

Mwalimu bado ni mteja wangu.
Siku hizi huleta za ngozi peke yake, nyeusi,
na kabla hajaondoka hunitazama miguuni,
"Mlango wangu haujambo?"
Haujambo, Mwalimu. Bado unafunguka kwa shida.

Wingu limesimama juu ya kilima.
Anua za ukutani, Adrapi, anza na hizo nyeupe.
La, anza na swedi! Swedi!
Hizi zangu usizihangaikie, nimezivaa,
na zilishakunywa maji yao yote.